Kujitegemea Ng'ambo ya Mpaka: Njia ya Akheri na Miaka ya Mwanzo ya Simba Wanyika

Akheri ni kata ya Wilaya ya Arumeru, mkoani Arusha, iliyokaa kwenye miteremko ya Mlima Meru juu kidogo ya mji mdogo wa Tengeru, ambako barabara kuu itokayo Moshi inakaribia kumaliza mwendo wake na Arusha mjini imebaki umbali wa kilomita 13 hivi. Katika maandishi ya zamani, hasa ya wamisionari wa Kilutheri, jina hilo huandikwa Akeri, na wasomaji wa historia ya dini hukutana nalo mapema kwa sababu hapo ndipo Ewald Ovir na Karl Segebrock, wajumbe wa misheni ya Leipzig, walipouawa Oktoba 1896, miaka sita kabla ya misheni yenyewe kuweka makao jirani, Nkoaranga, mwaka 1902. Makala haya yanaitazama Akheri kwa jambo jingine kabisa, kwamba chini yake inapita njia ya kutoka Tanga kwenda Arusha, njia ya wanamuziki waliopanda kutoka pwani kutafuta bendi yao wenyewe, na kwamba anayeifuata kutoka kata hii hadi mpaka wa Kenya ataelewa kwa nini bendi iliyozaliwa Arusha mwaka 1970 ilikuja kusifika kama bendi ya Nairobi.

Safari huanzia juu. Anayeshuka kutoka Akheri asubuhi hupita katikati ya mashamba ya Wameru, ambamo kahawa hupandwa chini ya kivuli cha migomba, huku maji ya mfereji, yaani njia ya maji iliyochimbwa kwa mkono kutoka mtoni na kugawanywa kwa zamu baina ya mashamba, yakimsindikiza pembeni mwa njia. Siku za Jumatano na Jumamosi, ambazo ndizo siku za soko la Tengeru, njia hiyo hujaa akina mama waliojitwisha mikungu ya ndizi na vijana wa bodaboda waliofungasha matenga ya nyanya hadi pikipiki yenyewe ikawa haionekani. Chini kwenye lami, magari ya Noah huita abiria wa mjini, na kila gari lina muziki wake. Mara nyingi ni Bongo Fleva au nyimbo za injili, lakini akiwapo usukani mtu wa makamo, si ajabu kusikia ghita za miaka ya sabini, zile zinazopigwa taratibu, kila moja ikiisubiri mwenzake imalize kusema. Anayezisikia ghita hizo hapo Tengeru huenda asijue kwamba wenye muziki huo walikuwa watu wa njia hii hii.

Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga walikuwa ndugu wa Tanga, na kazi yao ya muziki ilianza mwaka 1966 walipojiunga na Jamhuri Jazz Band ya mji huo. Neno jazz, ambalo limo katika majina ya bendi nyingi za Afrika Mashariki za wakati ule, halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani weusi unaojulikana kwa jina hilo duniani. Lilimaanisha tu kundi la kisasa la muziki wa dansi, lenye ghita za umeme, besi, ngoma na pengine tarumbeta na saksafoni, lipigalo ukumbini kwa watu waliolipa kiingilio. Tanga ya wakati huo ilikuwa na bandari, reli na mashamba ya mkonge yaliyolipa mishahara kwa maelfu ya vibarua, kwa hiyo ilikuwa na uwezo wa kulisha bendi zaidi ya moja, na ushindani wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz ulikuwa shule ambayo haikuwa na cheti lakini ilifundisha mengi. Bendi za enzi hizo zilijitambulisha kwa mtindo, yaani jina lililopewa aina ya uchezaji na mapigo ya bendi husika, kama Kiweke wa Atomic Jazz, Msondo wa NUTA Jazz, Saboso wa Western Jazz au Likembe wa Morogoro Jazz, na mpiga ghita aliyelelewa katika mazingira hayo alijua mapema kwamba kupiga vizuri hakutoshi kama hapigi kwa namna ambayo mashabiki wataitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Mwaka 1970 ndugu hao waliiacha Tanga wakahamia Arusha, na pamoja na ndugu yao wa tatu, William Kinyonga, wakaunda Arusha Jazz. Kutoka Tanga hadi Arusha ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na enzi hizo ungeweza kusafiriwa kwa basi au kwa treni, kwa kuwa reli iliyoanzia Tanga wakati wa Wajerumani ilikuwa imefikishwa Arusha mwaka 1929. Kwa basi, saa za mwisho za safari hiyo ni Moshi, Boma la Ng'ombe, Usa River, Tengeru, na mlima mkubwa wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500 ukiwa upande wa kulia wa abiria. Basi ambalo halikupita chini ya Akheri halikuwa limetoka Tanga.

Ili kuuelewa uzito wa uamuzi wa kuunda bendi ya kindugu, ni lazima kwanza kulielewa neno vyombo kama wanamuziki wa dansi wanavyolitumia. Vyombo ni ghita, vikuza sauti, vipaza sauti, ngoma, spika na kila kifaa ambacho bila hicho bendi haiwezi kupanda jukwaani, na kwa kuwa vilinunuliwa kwa fedha nyingi na mara nyingi viliagizwa kutoka nje, mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, hata kama hajui kupiga sauti moja. Mwanamuziki alikuwa na vidole na koo tu. Alipogombana na mwenye vyombo aliondoka na vidole vyake, akajiunga na bendi nyingine yenye vyombo vya mtu mwingine, na ndiyo sababu historia ya muziki wa dansi husomeka kama orodha ndefu ya watu wanaohama. Wapo wanaolichukulia jambo hilo kuwa tabia ya wanamuziki, kana kwamba ni watu wasiotulia kwa asili yao. Ukweli ni kwamba kibarua yeyote asiyemiliki jembe wala shamba huhama vivyo hivyo.

Katika Tanzania ya miaka hiyo mwenye vyombo alizidi kuwa taasisi ya umma. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi kilichoipa jina lake, iliwalipa wanamuziki mshahara wa mwezi kama watumishi wengine, na mfano huo ukaigwa na jeshi, polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, na kuanzia mwaka 1971 umoja wa vijana uliokuwa na Vijana Jazz. Mpango huo ulikuwa na faida zake, na haifai kuubeza: mwanamuziki alipata uhakika wa chakula, matibabu na nauli, jambo ambalo wenzake wa nchi nyingi hawakulipata. Lakini alipaswa kutunga pale alipoagizwa kutunga, kupiga pale alipopangiwa kupiga, na kuviacha vyombo pale alipovikuta. Bendi ya watu binafsi ilibaki pembeni ya mpango huo, ikitegemea mapato ya mlangoni, yaani viingilio vya usiku husika, ambavyo mvua ya masika moja tu inaweza kuvifuta.

Hapa ndipo jina la Arusha linapojipinga lenyewe. Ni katika mji huu ambapo Azimio la Arusha lilipitishwa mapema mwaka 1967, na siasa yake iliitwa kwa maneno mawili yasiyotenganishwa, ujamaa na kujitegemea. Miaka mitatu baadaye ndugu watatu waliunda hapo bendi iliyojitegemea kwa maana halisi kabisa ya neno hilo, na baada ya kipindi kifupi walilazimika kutafuta riziki nje ya nchi. Wenye mawazo ya haraka watasema kwamba siasa iliwafukuza. Makala haya hayakubaliani na hukumu hiyo, kwani hakuna haja ya kutafuta mkono wa siasa mahali ambapo hesabu ya biashara inatosha kueleza jambo.

Arusha ya mwaka 1970 haikuwa mji maskini. Ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, kwa hiyo ilikuwa na wafanyakazi wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye mishahara ya uhakika na kiu ya burudani mwisho wa juma. Ilikuwa na fedha za kahawa kutoka Meru na Arumeru yote, zilizoingia kwa msimu. Na ilikuwa na watalii waliopita kuelekea Ngorongoro na Serengeti. Ukumbi ungeweza kujaa. Lakini ukumbi uliojaa Jumamosi ni riziki ya Jumapili tu, na bendi iliyotaka kujulikana zaidi ya mitaa ya Ngarenaro na Kaloleni ilihitaji mojawapo ya mambo mawili, redio au santuri.

Redio ilikuwa Dar es Salaam. Radio Tanzania ilizirekodi bendi za nchi nzima kwenye kanda za studio yake, ikazitangaza nyimbo hizo hadi vijijini, na hazina iliyobaki huko ni ya thamani isiyosemeka. Hata hivyo kanda ya redio haikuwa bidhaa, kwani msikilizaji hakuweza kwenda dukani kuinunua na mtunzi hakuweza kuhesabu nakala zilizouzwa. Santuri, yaani sahani ya plastiki iliyochongwa mifereji ya sauti, ilikuwa bidhaa, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuifyatua. Kiwanda kilikuwa Nairobi. Huko ndiko zilikokuwa kampuni kubwa kama Polydor, na huko ndiko, kando ya River Road, vilikokuwa viduka vya wafanyabiashara wa muziki ambao waliweza kumsikiliza kijana asubuhi, kumpeleka studio mchana na kumuuzia santuri yake wiki chache baadaye. Hata Mbaraka Mwinshehe, mpiga ghita mkuu wa Morogoro ambaye hakuna Mtanzania wa umri fulani asiyemjua, alizitafuta santuri zake Kenya, na ni Kenya, karibu na Mombasa, alikofariki kwa ajali ya gari Januari 1979.

Kutoka Arusha njia za kwenda Kenya ni mbili, na Akheri iko karibu na zote. Moja inarudi mashariki kupitia Moshi, Himo, Holili na Taveta hadi Voi na Mombasa. Nyingine inaiacha Arusha kwa upande wa kaskazini-magharibi, inauzunguka Meru kwa nyuma na kushuka kwenye uwanda wa Wamaasai kupitia Longido hadi Namanga, kiasi cha kilomita 110, na tofauti ya nchi katika saa mbili hizo ni ya kushangaza: abiria aliyetoka kwenye migomba iliyolowa umande hujikuta kwenye majani makavu, miiba na vumbi, akiwa bado anauona mlima ule ule, ila sasa upande wake mkavu. Nchi ya namna hiyo, yenye maji haba na miti mifupi, Waswahili huiita nyika, na watu wa pwani wamelitumia neno hilo tangu zamani kwa bara kavu inayoanza nyuma ya minazi yao. Mwaka 1971 ndugu wa Kinyonga walikuwa Kenya, na bendi yao ikaitwa Simba Wanyika. Mwalimu wa sarufi angetaka jina hilo liandikwe kwa maneno matatu, simba wa nyika, lakini wenyewe waliyaunganisha mawili ya mwisho, na kwa kuunganisha hivyo wakazaa bila kukusudia neno ambalo baadaye lingesimama peke yake kama jina la ukoo wa bendi nzima.

Miaka ya mwanzo ya bendi inayojitegemea ugenini ni miaka ya kupiga kila siku ili kulipia siku iliyopita. Muziki wenyewe ulikuwa rumba ya Kikongo iliyopitia mikono ya Tanga, na ushahidi wake uko kwenye mgawanyo wa kazi za ghita. Solo ni ghita inayotembea juu, ikijibu maneno ya mwimbaji na kuyachukua pale anaponyamaza. Ridhim, ambayo msikilizaji wa kawaida haitaji kabisa, ni ghita inayorudia kipande kifupi cha sauti bila kuchoka, katikati ya solo na besi, na ikikosea, wachezaji wanaiona kasoro miguuni kabla ya kuisikia masikioni. Omar Shabani, mpiga ridhim wa Simba Wanyika, ndiye aliyeifanya kazi hiyo ya nyuma iwe sababu ya mtu kununua santuri. Anayetaka kuthibitisha asisikilize mwimbaji. Asubiri maneno yaishe, aifuate ghita ya katikati peke yake kwa dakika moja, kisha airudishe besi masikioni, na ataona kwamba wimbo mzima umening'inizwa kwenye uzi huo.

Santuri nayo iliupa muziki umbo. Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikuweza kubeba zaidi ya dakika nne au tano kila upande, ilhali wimbo wa ukumbini uliweza kwenda robo saa, kwa hiyo wimbo uligawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na watunzi wakajifunza kutunga kwa kuzingatia kisu hicho: upande wa kwanza ulibeba kisa, taratibu, na upande wa pili ulibeba chemko, yaani kipande cha mwisho ambacho ghita hupandisha mwendo na waimbaji hubaki na kibwagizo tu. Aliyekuwa na gramafoni alilazimika kuinuka kugeuza sahani katikati ya wimbo. Wazee wengi hukumbuka kimya kile cha kugeuza sahani kama sehemu ya wimbo.

Nyimbo zake ziliipa Simba Wanyika makao ya kudumu Nairobi, lakini kisa cha vyombo na wenye vyombo kilikuwa hakijaisha, ila safari hii walioachwa walikuwa ndugu wenyewe. Mwaka 1978 Omar Shabani aliondoka na wenzake kadhaa, na kundi lao likajiita Les Wanyika, ambamo aliingia pia mwimbaji na mpiga ghita mwingine kutoka Tanzania, John Ngereza. Mwaka uliofuata wakatoa Sina Makosa, wimbo ambao hadi leo huchezwa harusini na watu wasiokuwa wamezaliwa ulipotungwa. Issa Juma, naye Mtanzania, akaendeleza jina hilo hilo kwa Super Wanyika, na George Kinyonga alirekodi pia kwa jina la Jobiso. Kwa hiyo mgawanyiko ambao kwa kawaida huiua bendi ulizaa hapa bendi tatu au nne zinazolingana kwa sauti, na mashabiki wa Nairobi wakawa wanachagua Wanyika wao kama watu wanavyochagua timu ya mpira.

Jambo lililoufanya ugenini huo uwe mgumu zaidi ni kwamba barabara ya Namanga ilifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa muda wa zaidi ya miaka sita bendi za Watanzania waliokuwa Nairobi zilikuwa karibu na nyumbani kwa umbali wa saa chache na mbali nayo kwa sheria, na ni ndani ya miaka hiyo hiyo zilitoa baadhi ya nyimbo zao zilizopendwa mno Tanzania. Mawimbi ya redio hayakugongwa mihuri pale Namanga.

Simba Wanyika hawakuwa peke yao katika kuvuka mpaka ili wasikike. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya roki, soul na ngoma za asili mwanzoni mwa miaka ya sabini, na ambayo kwa Tanzania ndiyo iliyokaribia zaidi kile ambacho Ulaya na Marekani kiliitwa muziki wa roki wenye mizizi ya kienyeji, ilikwenda kuitoa albamu yake Ave Africa nchini Zambia mwaka 1976. Arusha yenyewe ilirudia kisa hicho kwa kizazi kingine: X Plastaz, kundi la vijana wa mjini waliounganisha hip hop na uimbaji wa Kimaasai wa Yamat Ole Meipuko, lilizunguka Ulaya kwa maonyesho, na albamu yao Maasai Hip Hop ilitolewa na kampuni ya Ujerumani mwaka 2004. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita tangu Arusha Jazz. Gramafoni ilikuwa imekwisha kuwa pambo la sebuleni, na studio zilikuwa zimefika hadi mitaani, lakini kundi la Arusha lilihitaji bado stempu ya mbali ili nyumbani litambuliwe. Tofauti ni kwamba X Plastaz walirudi wakaendelea kuitwa vijana wa Arusha, kwa sababu walikwenda na lugha ya mitaa yao na jina la mlima wao mdomoni, ilhali ndugu wa Kinyonga walikwenda na muziki ambao kila mji wa Afrika Mashariki uliweza kuudai kuwa wake.

George Kinyonga alifariki mwaka 1992, mwaka ambao albamu ya mwisho kubwa ya Simba Wanyika, Pepea, ilitolewa Uholanzi, na Wilson akamfuata mwaka 1995. Omar Shabani na John Ngereza nao hawapo tena. Kilichoandikwa kuhusu watu hao kimeandikwa zaidi kwa kufuata santuri za Nairobi, na kwa kuwa Arusha Jazz ni bendi ya kipindi kifupi kabla ya santuri hizo, mwaka wake mmoja umebaki sentensi moja katika kila maelezo, hata haya. Wapo Arusha na Meru watu wenye umri wa miaka sabini na zaidi waliolipa kiingilio mwaka ule, na wengine wao walishuka kutoka Akheri na Nkoaranga wakiwa na fedha ya kahawa mfukoni. Mwenye picha ya ukumbini, tiketi, tangazo la ukutani au barua ya wakati huo ndani ya sanduku lake asiichome wakati wa kufagia nyumba; aiandike nyuma jina la mahali na mwaka, kisha amkabidhi mjukuu anayejua kuitunza.